Barua kwa mwanangu: mlango ambao sikuufungua

Mwanangu mpenzi,

Umerudi chuoni juzi na shuka zako bado ziko kambani. Nimeketi kwenye meza ileile tuliyolia chakula Jumapili, pale mjomba wako alipotoa simu akatusikilizisha sauti ya mtu akiwaita wenzetu wa kabila jingine madoadoa. Wewe ukacheka. Ukasema, "Lakini mama, hao watu si ndivyo walivyo?" Sikutaka kukujibu mbele ya wageni. Nimekuwa nikikujibu moyoni tangu siku hiyo, na jibu limekuwa refu, haliingii kwenye simu.

Mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, ulikuwa na miaka miwili, kwa hiyo yote unayoyajua umeyasikia kwetu. Umesikia jinsi nyumba ya mjomba wako ilivyochomwa karibu na Burnt Forest, na jinsi alivyofika Nakuru juu ya lori akiwa na redio na kiatu kimoja. Hayo ni kweli na sitaki uyasahau. Lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili sijawahi kumsimulia mtu, hata baba yako aliiacha dunia bila kuijua.

Tulikuwa tunakaa kwenye ploti, vyumba kumi na mfereji mmoja uani. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa mama mmoja na watoto wake wawili. Ndiye yule aliyekupakata kwenye picha ya ubatizo wako, yule mwenye leso ya manjano uliyeniuliza ni nani nikakwambia ni jirani wa zamani. Kabila lake si letu. Nikichelewa shuleni kusahihisha madaftari, yeye ndiye aliyekulisha uji. Tuliazimana makaa, chumvi, hata nauli.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa Jumapili, tarehe 30 Desemba 2007, na kufikia usiku sehemu nyingi za nchi zilikuwa zinawaka. Januari mosi kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto akina mama na watoto wakiwa wamejificha ndani. Kwetu Nakuru siku za kwanza zilikuwa na utulivu. Kisha malori yakaanza kuingia na uwanja wa maonyesho ukajaa mahema. Tulipeleka blanketi na unga, na kila tuliporudi tulirudi na habari. Jioni tulizisimulia pale uani. Yeye akija na ndoo yake kuteka maji, sote tunanyamaza.

Nataka utazame vizuri hapo, kwa sababu ndipo ilipoanzia. Sikuhubiriwa chuki na mtu yeyote. Nilianza kwa kuwahurumia watu wangu, na ile huruma ikageuka ndani yangu bila mimi kuhisi. Nikimwona jirani yangu, naona waliomchomea ndugu yangu nyumba, ilhali hakuwahi hata kufika Burnt Forest. Nikaanza kuyapekua mambo ya zamani nikiyapa maana mpya. Siku aliyochelewa kunirudishia makaa: kumbe! Siku aliyoongea lugha yao na dadake mlangoni nami nikipita: kumbe! Kila jambo likawa ushahidi. Na nikuambie lisilosemwa sana, mwanangu: nilikuwa najiona mwenye haki. Ningejisikia mwovu, labda ningestuka.

Mwisho wa Januari moto ukafika Nakuru, na mara hii waliokuwa wakizunguka na mapanga ni vijana wa upande wetu. Walipita ploti kwa ploti wakiuliza majina. Usiku mmoja, kabla hawajafika kwetu, alinigongea. Aliniita kwa jina lako, Mama fulani, kama alivyoniita siku zote. "Nifungulie, niko na watoto." Nikazima taa. Wewe uliitambua sauti yake ukataka kuitika, nikakuziba mdomo kwa kiganja.

Niliogopa, hilo ni kweli. Aliyemficha mtu alichomwa pamoja naye. Kwa miaka nimejificha nyuma ya woga huo. Lakini mle gizani lilinipitia pia wazo jingine, nalo ndilo ninalokuungamia leo: wacha nao waonje.

Aliruka ua wa nyuma na watoto wake akafika kituo cha polisi. Walipona. Chumba chake kiliporwa mpaka pazia. Asubuhi nilikuta sufuria yake kubwa imeviringika kando ya mfereji, nikaichukua nikijiambia namtunzia. Ndiyo ile tunayopikia githeri wageni wakija. Jumapili ulikula kutoka humo.

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika majuma yale, na mamia ya maelfu waliyahama makwao. Hesabu kama hiyo haiwezi kuwa kazi ya watu wachache wenye roho mbaya. Ilihitaji wengi wa kuzima taa.

Nilipokwenda kusomea ushauri nasaha nilikuwa natafuta jambo moja tu, kujua nilipatwa na nini. Hapo nikakutana na habari za mwanasaikolojia Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake waliuawa na Wanazi. Miaka ya 1970 inaanza, yeye na wenzake huko Bristol, Uingereza, waliwagawa wavulana wa shule makundi mawili wakiwaambia kigezo ni michoro waliyoipenda zaidi, ya Klee au ya Kandinsky. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa kubahatisha. Kisha kila mvulana akaambiwa awagawie wengine fedha. Walipendelea wa kundi lao, watu wasiowajua hata majina. Lililonikaa kooni ni hili: wengi walikubali wa kwao wapate kidogo, mradi wale wengine wapate pungufu ya hapo. Hapakuwa na shamba lililonyang'anywa wala kura iliyoibwa. Michoro tu.

Na mimi nilishaiona kwa macho yangu darasani bila kuitambua. Unagawa fulana nyekundu na za samawati asubuhi kwa ajili ya michezo, kufikia saa ya chakula wekundu wanakwambia wale wa samawati wananuka.

Kwa hiyo sikuoni mbaya kwa kuwa na kwenu, kila mtu ana kwao. Nina wasiwasi na jinsi tunavyohesabu. Mwizi wa kwetu akishikwa tunamwita kwa jina lake na la babake, na mtu atasema njaa ilimsukuma. Mwizi wa kwao akishikwa, jina lake linapotea, linabaki la kabila. Ndiyo "ndivyo walivyo" yako ile. Umewajua wangapi, mwanangu, hata ukajua walivyo? Jumlisha na yule aliyekulisha uji.

Sisemi kwamba ugomvi wote ni wa kufikirika. Ardhi ya Bonde la Ufa ina historia yenye dhuluma tangu mkoloni, na walioumizwa wako pande zote. Lakini jiulize kwa nini malalamiko hayo yanalala miaka minne kisha yanaamka uchaguzi ukikaribia, kama ilivyokuwa 1992, 1997 na 2007. Kuna wanaoyaamsha. Na wanajua kwamba ukitaka majirani wauane, huanzi na panga. Unaanza na neno. Doa halina mama, halina mtoto wa miaka miwili. Doa kazi yake ni kufutwa, na anayefuta anajiona anafanya usafi. Kule Rwanda, kabla ya 1994 na katika miezi yenyewe ya mauaji, Watutsi waliitwa mende, na redio ya RTLM ililirudia neno hilo mpaka likawa la kawaida. Ndiyo maana kicheko chako kiliniuma kuliko ile sauti yenyewe. Aliyeirekodi simjui, lakini wewe nimekuzaa.

Utaniambia, basi watu wakae pamoja wazoeane. Nami nilidhani hivyo, ila sisi tulikaa pamoja miaka mitano! Mfereji mmoja, kamba moja ya nguo. Mtaalamu Gordon Allport alishaonya mwaka 1954 kwamba kukutana peke yake hakutoshi: watu wawe sawa pale wanapokutana, wawe na kazi moja wanayoisukuma pamoja, na wenye mamlaka wawaunge mkono. Mwaka huohuo mtaalamu mwingine, Muzafer Sherif, aliwapeleka wavulana wa miaka kumi na moja hivi kambini Oklahoma, Marekani, akawagawa makundi mawili yakashindanishwa mpaka wakachomeana bendera. Alipowaweka meza moja wapatane, walirushiana chakula. Kilichowabadilisha ni maji kukatika wakalazimika kuyatafuta pamoja, na lori la chakula lililogoma kuwaka wakalivuta wote kwa kamba, kamba ileile waliyoshindania kuvutana. Nilipolisoma hilo nililikumbuka ploti letu. Tulitumia mfereji mmoja lakini kila mtu aliteka yake. Mwenye ploti alikuwa wa kwetu, na yule mama kodi ikichelewa siku mbili alifokewa mbele ya watu, sisi tukasubiriwa wiki. Niliona, na nilinyamaza. Nadhani ile Januari ilianzia hapo, mambo yakiwa bado matamu.

Wapo waliofungua mlango. Tarehe 21 Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki karibu na El Wak. Waliamuru Waislamu wajitenge na Wakristo, na kila abiria alijua maana yake, maana mwaka uliotangulia watu 28 walishushwa kwenye basi la huko wakauawa hivyo hivyo. Akina mama Waislamu waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Abiria wakakataa kutengana: mtuue sote au mtuache. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari iliyofuata. Alikuwa mwalimu kama mimi. Nimejiuliza mara nyingi alijiandaa lini, na ninaamini hakujiandaa ndani ya basi. Mtu anayejibu namna ile bunduki ikimtazama, alishazoea kujibu nyumbani, kwenye mambo madogo, mtu akitoa mzaha mezani.

Kwa hiyo naanza na meza yangu. Nimempigia mjomba wako nikamwambia sauti kama zile asizilete kwangu. Alinikasirikia, akanikumbusha aliyopitia, tukalia wote kwenye simu. Sikumwambia kwamba anakosea kuumia. Nilimwambia tu kwamba aliyemchomea ana jina, na kwamba mtoto anayezaliwa leo huko hana hilo jina. Hajanipigia tena, ila kwenye kikundi cha familia ile sauti ameifuta.

Wewe nakuomba urudi chumbani kwako uhesabu watu unaofanya nao kazi za kikundi, unaocheza nao mpira, ambao ungeweza kuwagongea usiku. Kama wote wana majina ya kwetu, muhula huu badilisha kundi. Na ukipokea sauti nyingine ya aina ile, kabla ya kuipeleka mbele uliza nani kairekodi na anagombea nini. Waulize wenzako kwa sauti, hata ukionekana mshamba.

Yule mama nimempata. Mwanafunzi wangu wa zamani anauza mitumba soko moja naye, huko alikohamia, akanipa namba yake. Niliishika siku tisa kabla ya kupiga. Alipoitika nilisema mimi ni nani, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama wewe bado unapenda uji wa wimbi. Sikuweza kuendelea. Nilimwambia nitapiga tena, na nimepiga, na amesema tunaweza kwenda. Hakusema amenisamehe, wala sikumuuliza.

Likizo ikifika usipange safari nyingine. Matatu ni mbili mpaka kwake, na sufuria ni kubwa, nitahitaji wa kunisaidia kuibeba. Nimeisugua kwa majivu.

Mama yako.