Kaya namba 17: barua ya wazi kwa wanafunzi mnaopanga Changanyikeni, Dar es Salaam

Wanangu, marahaba. Naitikia kabla hamjaniamkia, maana nikisubiri shikamoo zenu hapa barazani nitasubiri hadi daladala la mwisho.

Jumamosi iliyopita nilimtuma mjukuu wangu vitumbua. Vikaja vimefungwa kwenye karatasi nyeupe iliyochapwa kwa kompyuta. Nami nina ugonjwa wa kusoma kila karatasi, hata ya karanga. Nikavaa miwani. Juu imeandikwa "Kaya Na. 17". Mkuu wa kaya: mwanamke, mjane. Watoto: 5. Shughuli: kuuza mkaa. Swali la 23 linauliza kama amewahi kupigwa na mtu wa familia yake, na kwenye "Ndiyo" pana tiki ya kalamu ya bluu, mafuta yameshaanza kuisambaza.

Hapa mtaani kwetu mjane muuza mkaa mwenye watoto 5 ni mmoja. Mnamjua. Wengine wenu mnamkopa.

Karatasi ile niliitia jikoni ikaungua. Kisha nikajifunga khanga nikaenda kwa muuza vitumbua. Akanitolea furushi zima: kauziwa kwa kilo na kijana aliyehama baada ya mitihani. Ni wa chuo gani, sisemi. Vyuo vimetuzunguka, Mlimani, Ardhi, Takwimu, Maji, na kila kimoja kina watoto wake kwenye vyumba vyetu.

Mimi binafsi nimehojiwa na wanafunzi wa utafiti mara 11. Nazijua kwa idadi kwa sababu zile fomu za ridhaa natunza kwenye kopo la biskuti. Nimeulizwa kuhusu vyandarua, vyoo vya shimo, taka, bodaboda, kodi ya pango. Kuhusu maji peke yake nimeulizwa mara 4. Mnakuja na barua ya utambulisho, mtendaji wa mtaa anagonga muhuri, mjumbe anawatembeza nyumba kwa nyumba, nami natoa kigoda na maji ya kunywa. Mwaka jana binti mmoja mpole sana alinisomea fomu hadi mwisho: "Hakuna manufaa ya moja kwa moja utakayopata kwa kushiriki." Nikamwambia mwanangu, hilo ndilo jambo la kweli kuliko yote uliyonisomea. Akacheka, akaniuliza natumia ndoo ngapi kwa siku.

Hakurudi. Hakuna aliyewahi kurudi. Katika 11, hata mmoja hajaja kusema, "Bibi, tulichokipata ni hiki." Sisemi mtuletee bomba. Sisemi mtuzibie shimo lile la njia panda, nalo lina fomu zake huko kwenu. Nasema karatasi moja ya Kiswahili chepesi ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, au dakika ishirini kwenye mkutano wa wakazi. Walimu wenu wanakagua sura ya tatu na sura ya nne, mipaka ya kurasa, majina ya vitabu nyuma kabisa. Je, kuna anayewauliza fomu zenye siri za watu ziko wapi leo?

Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Ninyi hata mbali hamkwendi. Mmepanga hapa hapa, ukuta kwa ukuta, na bado hamrudi.

Mengine nayasema kwa haraka, maana mnayajua. Muziki saa sita usiku, hapana. Taka msizitupe mtaroni mvua ikianza, zinaishia sebuleni kwa jirani wa bondeni. Boom, ile pesa yenu ya mkopo, likiingia, mlipeni mama ntilie kwanza, viatu baadaye. Msihame usiku. Na wenyeji wenu msiwaite "watu wa uswahilini" mbele yao, tunasikia.

Lakini nisiwatwishe ninyi peke yenu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, katikati ya watu. Mlimani kilihamia mwaka 1964. Siku hizi wanafunzi ni maelfu kwa maelfu, na hata zile hosteli za mwaka 2017 zenye nafasi 3,840 hazijawatosha. Mnaobaki mnabebana, wawili kitanda kimoja, au mnakuja kwetu. Na sisi wenye nyumba tunawangoja kama wavuvi. Vyuo vikikaribia kufunguliwa, kodi inapanda, na tunataka ya miezi sita mkononi. Mimi mwenyewe niligawa sebule yangu kwa mbao nyembamba nikaita vyumba viwili. Kijana aliyekaa upande wa dirisha alikuwa akisikia mwenzake akigeuza kurasa. Siwezi kuwahubiria nikalificha hilo.

Na nawapenda, mjue. Mmoja wenu alimfundisha mjukuu wangu hesabu mwaka mzima bila senti, kwenye meza ya kuuzia nyanya, kwa taa ya simu. Mwingine alinipeleka hospitali usiku, akakaa kwenye benchi mpaka asubuhi na ana mtihani saa mbili. Wazazi wao huko mikoani hawajui, nami sina namba zao, ningewapigia.

Furushi nimelinunua lote, kilo moja na nusu. Kuanzia kaya ya 1 hadi ya 60, kasoro ile iliyoungua na chache zilizokwisha kwenda na vitumbua. Limo kwenye ndoo yenye mfuniko, chini ya kitanda changu. Mwenye nalo aje alichukue. Mlango anaujua, alikaa chumba cha pili kutoka kisimani. Asiogope kodi ya mwezi wa mwisho, hiyo tutaongea. Ila aje mchana, ili tupite kwanza kwa muuza mkaa.