Barua ya wazi kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF): Mgeni huyu mpeni jembe

Kirumba, Mwanza
Januari 2026

Ndugu Rais,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Kirumba, jirani kabisa na soko la samaki la Mwaloni, ambako nanunua dagaa na kuwapakia kwenda Dar es Salaam. Sina cheo chochote kwenye mpira. Ni shabiki wa timu yetu ya taifa, Taifa Stars, tangu utotoni, na nimeona nisinyamaze kuhusu suala la kocha wake wa muda, Miguel Gamondi.

Jumapili ile ya tarehe 4, Stars ilipocheza na Morocco kule Rabat kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON), kibanda umiza chetu cha kutazamia mpira kilijaa hadi watu wakachungulia dirishani. Brahim Díaz wa Morocco alipofunga, kimya kikatanda. Dakika za nyongeza tukadai penalti, kibanda kizima kikasimama, mwenye kibanda akarukia waya wa dishi kuushika asije mtu akaukanyaga. Mwamuzi akapeta. Tukatoka kwa bao 1-0. Nimetoka kwenye kibanda kile mara nyingi Stars ikiwa imefungwa, nikiwaacha watu nyuma wakitukana wachezaji kwa majina. Safari hii hakuna aliyetukana. Watu walibaki kwenye mabenchi, na kilichofuata ni ubishi uliotuweka hadi saa nne usiku: huyu kocha abaki au aende?

Waliosema aende hawakusema hajui kazi, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Mmoja alisema ni Muargentina, kesho akipata timu yenye pesa anapanda ndege, atuache na mataa. Mwingine, Simba damu, alisema yule ni mtu wa Yanga na atabaki wa Yanga. Zile tano kwa moja ambazo Yanga ya Gamondi iliifunga Simba Novemba 2023 hajazisahau na hatazisahau. Wa tatu, mwalimu wa timu ya shule, alisema kwa uchungu wa kweli: makocha wetu wazawa watasoma leseni mpaka lini, kama kila nafasi kubwa anakalishwa mgeni?

Huyu wa tatu ana hoja, na mimi mwenyewe nilikuwa upande wake. Mwaka 1979 Stars ilipopata sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola, kwa bao la Peter Tino, na kufuzu fainali za Lagos za 1980, Joel Bendera alikuwa mwalimu wa timu ile, mwenzetu. Wazee wa hapa wanasimulia mechi ile kama waliicheza wao. Na Hemed Suleiman, kwa jina la utani "Morocco", ndiye aliyetufikisha kwenye fainali hizi, tulipoifunga Guinea 1-0 Novemba 2024. Kumtoa mzawa huyo wiki chache kabla ya mashindano aliyoyatafuta kwa jasho lake kuliniuma. Nilisema hadharani pale Mwaloni kwamba TFF imekosea, na sikuona sababu ya kumshangilia aliyeletwa.

Kisha nikaitazama timu. Na Nigeria tulipoteza 2-1, lakini tulicheza. Uganda sare, Tunisia sare, kiungo wetu Fei Toto akisawazisha mara tu baada ya mapumziko. Alama mbili zikatupeleka hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Najua hesabu hiyo ina upungufu wake: fainali nne, mechi 13, na bado hatujashinda hata moja. Sisemi tumefika. Ninachosema ni kwamba niliona timu inayojua inachokifanya ikiwa na mpira na isipokuwa nao, mbele ya wenyeji waliojaza uwanja, na hilo sikuwahi kuliona kwa Stars kwenye fainali.

Ndugu Rais, tazama nyuma kidogo. Mwaka 2019 Emmanuel Amunike, Mnigeria, alituvusha baada ya miaka 39, siku ile tuliyoifunga Uganda 3-0. Tukafungwa mechi tatu kule Misri, na Julai hiyo hiyo akafungashiwa virago. Adel Amrouche akatupeleka fainali za 2023 kwa sare ya ugenini na Algeria. Shirikisho la mpira la Afrika (CAF) likamfungia mechi nane kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco, nanyi mkamweka pembeni mashindano yakiwa yanaendelea. Hemed akashika usukani, akatufuzisha tena, akaondolewa kabla ya safari. Fainali tatu, makocha wanne kwenye benchi. Ndani yake wamo wageni na mzawa, na wote waliomtangulia Gamondi yaliwakuta yale yale. Kwa hiyo naona swali la uzawa linatuchelewesha. Hata Pamba, timu yetu ya hapa Mwanza, iliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka 20, kocha mzawa aliyeipandisha siye aliyeanza nayo msimu.

Nikueleze jambo la huku ziwani. Dagaa huvuliwa wakati wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa. Tajiri mwenye mtumbwi akitaka kubadilisha nahodha hungoja mbalamwezi. Akimbadilisha katikati ya giza, wavuvi wanagombana majini na mtumbwi unarudi na ndoo mbili. Na tajiri hamuulizi nahodha huyo kama ni Mkerewe, Mjita, Mkara au ametoka ng'ambo ya mpaka. Anamuuliza upepo wa usiku wa manane unatoka wapi. Mwanza yenyewe imejengwa na watu wa kuja. Ukianza kuwahesabu wenyeji halisi wa Mwaloni hutajaza mtumbwi mmoja.

Tulipokuwa watoto, timu yetu ya mtaa ilifundishwa na mtu aliyetoka Burundi. Alikuwa anapima uwanja kwa kamba ya nyavu, hatua kwa hatua, kila Jumamosi asubuhi, kwa sababu mistari ya chokaa ilifutika na mvua. Alitufundisha kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujafika. Tukachukua kombe la mtaa, na msimu uliofuata viongozi wakasema sasa tunataka mtu wa kwetu. Hakulalamika. Alikunja kamba yake, akampa nahodha wetu, akaondoka. Hatukushinda kitu tena, na mpaka leo nikicheza na wazee wenzangu ufukweni natazama nyuma ya bega.

Baada ya mechi ya Rabat, fundi mmoja wa mitumbwi, mzee wa makamo ambaye husema mara chache, alituuliza: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mnampa nini?" Tukamjibu jembe. Akasema, "Basi huyu hamjampa. Mmemwita kocha wa muda." Hilo neno "wa muda" ndilo lililonileta kwenye barua hii. Mgeni aliyeambiwa ni wa muda hana sababu ya kupanda mti.

Ninachoomba ni hiki. Mpeni Gamondi mkataba kamili mpaka mwisho wa fainali za 2027, tutakazoandaa sisi na Kenya na Uganda. Mlimtoa Singida Black Stars, hivyo kama kuna ya kumalizana na klabu, kaeni mezani myamalize, gharama yoyote itakuwa ndogo kuliko kuanza upya. Nafasi tunayo tayari kama wenyeji, kwa hiyo huu ndio wakati wetu wa mbalamwezi, wa kushona nyavu bila presha. Wazawa wawili wakae naye kwenye benchi, na iandikwe kwenye mkataba wanafanya nini: mmoja aandae mazoezi, mwingine achambue wapinzani, wasiwe wa kubeba koni. Mwalimu yule wa shule akiona hivyo atatulia, kwa kuwa ataona njia ya wenzake inapita wapi.

Na aje Kirumba. Asiishie kuangalia mechi za Kariakoo, za Simba na Yanga. Mrisho Ngassa, mshambuliaji wa zamani wa Stars, alitoka huku kwetu, na baba yake Khalfan alikuwa nyota wa Pamba kabla yake. Wapo vijana wanaocheza pekupeku kwenye mchanga wa ziwa ambao hakuna kocha wa taifa aliyewahi kuwatazama hata dakika kumi.

Wa Simba watanuna kidogo. Mimi mwenyewe ni Simba, Ndugu Rais, na zile tano nilizila pale pale kibandani. Stars ikiingia uwanjani sina Simba wala Yanga.

Tunaomba jibu kabla ya mechi za Machi.

Wako,
Shabiki wa Taifa Stars, Kirumba