Kabla Hujamtengenezea Mzee Kombe

Ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa kuwa simu zangu huzipokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza. Wengine watakaopita hapa wanisamehe. Mengi ya haya yanatuhusu sisi wawili na Mama.

Nimesikia una mpango wa pambano la pili la ndondi la kumkumbuka Mzee, baba yako na kocha wetu, mwezi wa kumi na mbili, na kwamba safari hii kutakuwa na kombe lenye jina lake, fulana zenye picha yake na hema la waheshimiwa. Najua ulimpenda baba yako. Ulivyoshuka kaburini kumpokea pale Kariokor, kila aliyekuwepo aliona, na mapenzi hayo sina neno nayo. Lakini Mzee hakuwa mtu wa siku ya pambano. Alikuwa mtu wa Jumanne jioni, mvua inanyesha, vijana sita tu wamekuja, naye anawafunga bendeji mmoja mmoja bila kuharakisha. Ukitaka kumuenzi, anzia hapo. Kombe litakuja baadaye, au lisije.

Tuanze na mabegi ya kupigia mazoezi, maana ndiyo uliyoyagusa kwanza. Wiki mbili baada ya arobaini ulileta mtu akayajaza mchanga, kwa sababu yalionekana mepesi. Mzee hakuweka mchanga hata siku moja, na sababu alizieleza mbele yako. Mchanga hushuka. Baada ya mwezi mmoja, theluthi ya chini ya begi imekuwa jiwe na ya juu imelegea. Kijana anapiga katikati na anaona begi liko sawa, akiinama kupiga mbavu anagonga jiwe. Unaoumia ni mfupa wa kiganja ulio nyuma ya kidole cha mwisho, ambao ni mwembamba na huvunjika upesi. Plasta ya wiki kadhaa, na mkono ukipona vibaya hauna nguvu tena.

Begi la Mzee lilikuwa la vitambaa: mabaki ya mafundi cherehani na mitumba isiyouzika ya soko la Gikomba, baada ya kutolewa zipu, vifungo na kila kitu cha chuma. Ganda ni turubai la lori lililoshonwa mara mbili. Unatia tabaka la shubiri moja, unashindilia kwa mpini wa jembe ukianzia pembeni kuelekea katikati, ndipo unatia jingine. Ukishindilia katikati tu, pembeni hubaki mapengo na begi hukunjamana likipigwa. Uzani uwe kama nusu ya uzani wa bondia, kwa hiyo wa kilo 60 anatosheka na begi la kilo 30. Mnyororo na pingu inayozunguka huchongwa na mafundi wa chuma wa Kamukunji. Bila pingu hiyo mnyororo hujisokota, na pete ya mwisho hulika mpaka ikakatika. Juu kabisa aliweka kipande cha mpira wa tairi ili kishindo kisifike kwenye mbao za paa, maana ukumbi ule ni wa zamani na ni wa kaunti. Ukipasua boriti moja, mnafukuzwa wote. Kisha kila baada ya wiki chache begi lilipinduliwa, chini kuwa juu, kwa kuwa hata vitambaa hushuka. Ndiyo maana lilikuwa na vitanzi pande zote mbili. Ulivikata vitanzi vya chini ukidhani ni urembo.

Yatoe mchanga. Turubai bado ni zima, na vitanzi vinaweza kushonwa upya.

Bendeji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hili unalijua ila uliwaachia watoto wajifunge wenyewe. Mita 4.5 zinatosha. Kitanzi kwenye kidole gumba, mara tatu kuzunguka kifundo cha mkono, mara tatu juu ya vifundo vya vidole huku vidole vimepanuliwa, kisha katikati ya kila kidole, kidole gumba, na kumalizia kwenye kifundo cha mkono. Vidole visipopanuliwa, akikunja ngumi bendeji inabana na damu haipiti. Bonyeza ukucha: usiporudisha rangi mara moja, fungua uanze upya. Glavu nazo zianikwe palipo na upepo, ndani zimejazwa magazeti. Jua kali hupasua ngozi, na unyevu huwapa vijana ukungu wa mikononi. Glavu ambayo ukibonyeza kwa dole gumba unahisi upande wa pili ni ya kutupa. Usimpe mtu akampige nayo mwenzake kichwani.

Sasa daftari.

Lile daftari jeusi ambalo umeliita makaratasi ya zamani ndilo lililokuwa kazi ya Mzee. Ukurasa mmoja kwa kila kijana: jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, simu ya mzazi, uzani wa kila Jumatatu, na safu ya mwisho kwa wino mwekundu, ambayo ni tarehe ya kuangushwa na siku ya kurudi. Hesabu yake ilifuata sheria za ndondi za ridhaa. Aliyepigwa nokauti hakai ulingoni kwa siku 30. Mara mbili ndani ya miezi mitatu, anakaa nje miezi mitatu. Mara tatu ndani ya mwaka, mwaka mzima. Na hata siku zikiisha harudi bila daktari kumwona.

Sababu ni hii. Ubongo unaelea ndani ya fuvu mithili ya kiini ndani ya yai. Konde linapotikisa kichwa, ganda linasimama na kiini kinaendelea kwenda. Hakuna damu, hakuna uvimbe wa kuonekana, na kijana anatembea vizuri. Akipigwa tena kabla ya jeraha hilo kupona, hata kwa konde dogo, ubongo unaweza kuvimba kwa dakika chache na hakuna nafasi ndani ya fuvu ya kuvimbia. Vijana ndio walio hatarini zaidi. Kofia ya ulingoni haizuii hilo. Inazuia kupasuka nyusi na masikio, na Mzee aliivalisha kwa sababu hiyo tu, akiwaambia wazi kwamba isiwadanganye.

Unakumbuka alivyokuwa akimtaja Robert Wangila. Vijana walitaka kusikia habari ya Seoul 1988, dhahabu ya Olimpiki katika uzani wa welta, ambayo mpaka leo ndiyo pekee Kenya iliyopata katika ndondi. Aliisimulia kwa furaha, na bila kupumzika akaenda Las Vegas, Julai 1994: pambano la kulipwa lililosimamishwa na mwamuzi, Wangila kupoteza fahamu baadaye, na kufa. Hakuwaacha wachukue moja bila jingine. Akimaliza alifungua daftari na kusoma safu nyekundu kwa sauti.

Kijana yule wa kilo 57, uliyempandisha ulingoni kwenye pambano la kwanza la kumbukumbu, alikuwa kwenye safu hiyo. Siku 19 tu tangu aangushwe. Nilikufungulia ukurasa asubuhi ya pambano, nikakuwekea kidole juu ya tarehe. Mpinzani aliyetarajiwa hakuja, pambano kuu halikuwa na mtu, waheshimiwa walikuwa njiani. Ukanijibu, "Leo ni siku ya baba yangu." Nami nikakuambia baba yako ndiye aliyeandika tarehe hii. Ukalifunga daftari.

Na ulingo wenyewe ulikuwa mbao za jukwaa la harusi zilizotandikwa zulia. Chini ya turubai la ulingo panatakiwa mpira au felti ya sentimita 1.5 hivi, iliyotandazwa kote mpaka nje ya kamba. Si anasa hiyo. Anayeanguka nokauti haweki mikono, kwa hiyo kichwa hupigwa mara mbili: na mwenzake, kisha na sakafu. Pigo la sakafu linaweza kuwa ndilo baya zaidi. Zulia juu ya mbao ni sawa na mbao tupu.

Raundi ya pili akaanguka chali. Sote tulisikia mlio. Yote hayo ningeweza kuyaweka kando, kwa kuwa watu hukosea wakiwa na msiba. Nisichoweza kusahau ni pale kwenye kona, ulipomwinamia, ukampangusa uso kwa ile taulo ya Mzee, ukamuuliza, "Uko sawa?" Akakujibu, "Niko sawa, kocha." Ukasimama, ukawapungia watu mkono kwamba yuko sawa, na wakapiga makofi.

Ndugu yangu, Mzee hakuuliza swali hilo kamwe. Kila bondia hujibu niko sawa. Ataijibu hata akiwa haoni. Mzee aliuliza: Leo ni siku gani? Tuko ukumbi gani? Raundi ya ngapi? Nani amekuleta? Asubuhi umekula nini? Kisha alitazama macho, kama mboni moja ni kubwa kuliko nyingine. Akikosa jibu moja, siku yake imekwisha. Akitapika zaidi ya mara moja, akilalamika kichwa kinazidi, akisinzia isivyo kawaida au akizungumza ovyo, ni gari na hospitali wakati huo huo. Na akionekana mzima bado halali peke yake usiku ule. Mzazi anapigiwa simu, namba iko kwenye daftari, anaambiwa dalili hizo moja baada ya nyingine. Nyuma ya hema kijana alitapika mara mbili. Mama ndiye aliyemshika kichwa. Wewe ulikuwa kwenye picha.

Umewaambia watu kwamba niliikimbia kona, kwamba nilisusia kumbukumbu ya mtu aliyenilea. Sikukimbia. Nilikataa kumfunga bendeji mtu aliyekatazwa kupigana, na aliyenikataza ni Mzee. Kama ningemfunga ningekuwa nimetia sahihi. Wapo waliosema ningebaki ili nirushe taulo, lakini taulo hurushwa baada ya konde, na huyu hakutakiwa kupokea hata moja. Nilimfuata mwamuzi, nikamwonyesha ukurasa, akaniambia mwenye pambano ndiye anayeamua. Nikamfuata mjomba wako. Sasa niambie, ni mlango gani mwingine uliobaki ambao sikuugonga?

Najua pia kwamba deni la hospitali lilikuwa juu yako na ulitarajia mchango wa waheshimiwa ulilipe. Hilo ulipaswa kutuambia. Mtaa huu ulimjua Mzee, na Majengo haijawahi kushindwa kuchanga. Mamake kila kijana aliyeandikiwa barua ya basari na Mzee angetoa. Kila aliyesimamiwa na Mzee mbele ya chifu angetoa. Ulibeba peke yako kwa sababu ya fahari, na uchungu wako naujua, lakini mzigo ukauweka juu ya kichwa cha mtoto wa watu.

Kuna la wasichana. Mzee aliwapa saa 10 hadi saa 11 na nusu, kabla ya wavulana, ili wafike nyumbani kabla ya giza, na muda huo alikuwa radhi kugombana na yeyote kuutetea, hata na kamati za harusi zilizoutaka ukumbi. Alianza kuwapokea zamani, kabla ya ngumi za wanawake kuingia Olimpiki. London 2012 ilipofika na Elizabeth Andiego akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupigana huko, wetu walikuwa tayari wanajua kuruka kamba kwa raundi za dakika tatu. Sasa umewasogeza saa 12 na nusu. Waliobaki ni wawili. Hakuna aliyewafukuza, ni njia ya kurudi nyumbani iliyowafukuza. Warudishie muda wao wiki hii.

Ukilazimika kufanya pambano hilo la Desemba, fanya hivi. Pima uzani siku hiyo hiyo asubuhi, na anayezidi kwa zaidi ya kilo 2 asiruhusiwe kukimbia na masweta na karatasi za nailoni ili azitoe. Maji yanayotoka mwilini hayarudi kwa saa chache, na huenda mwenye kiu akaumia kichwa kwa urahisi zaidi. Tafuta daktari wa kukaa kando ya ulingo tangu pambano la kwanza hadi la mwisho, si wa kupitia. Gari liwe limegeuzwa tayari kuelekea barabarani, na dereva asiende kunywa chai. Daftari liwe mezani, na mwamuzi alisome kabla ya bondia yeyote kuvaa glavu. Hayo yakipatikana, nitakuja kufunga bendeji, na sitadai hata soda.

Yasipopatikana, Mama amesema hatatoa picha ya Mzee ichapishwe kwenye fulana. Hilo ni lake, sikumshawishi.

Kijana bado anaumwa na kichwa asubuhi na mwanga unamsumbua. Daktari alimwambia apumzike, asiguse hata kamba, arudi akapimwe Alhamisi. Mamake anauza mboga na hawezi kufunga siku nzima, na mpaka sasa tumekuwa tukipokezana sisi wa ukumbini kumsindikiza. Alhamisi hii mpeleke wewe. Amekuulizia. Mwulize maswali ya Mzee mkiwa njiani na uandike majibu, daktari atayataka. Kliniki hufunguliwa saa 2 asubuhi, ila foleni huanza mapema, kwa hiyo mchukue nyumbani kwao saa 12.