Fremu moja haisubiri kidole chako

Mhariri, shikamoo. Naandika kutoka Kirumba, jirani na Mwaloni, nina dukuduku na hizi kozi za kompyuta za hapa mjini. Mimi nilikosoma (chuo sikitaji) tulifundishwa kila kitu kwa mausi, bonyeza hapa bonyeza pale, basi, na hiyo tabia imenila wiki mbili nzima.

Iko hivi. Natengeneza gemu ya mitumbwi ya dagaa, ni usiku, taa zinaelea ziwani na kwa nyuma unaliona jiwe la Bismarck. Inakimbia fremu 60 kwa sekunde (fremu ni picha moja kamili ya kioo), yaani kila fremu ina milisekunde 16 na ushee tu. Sasa kuna doa jeusi la mraba linatokea kwenye maji, fremu moja tu halafu linapotea, ukipepesa macho limekupita. Natumia RenderDoc, programu ya bure, inanasa fremu nzima pamoja na amri zote zilizokwenda kwenye kadi ya grafiki, halafu unaifungua kwa utulivu unakagua mchoro mmoja mmoja. Kunasa ni F12. Hapo ndo nilipoumia, nimekaa kidole juu ya F12 kama paka anayevizia panya, doa hilo, nabonyeza, naambulia fremu inayofuata ambayo ni safi kabisa. Diski ikajaa mafaili ya .rdc, yote mazima, hakuna hata moja lenye ugonjwa!

Kumbe gemu yenyewe inaweza kuiamrisha RenderDoc. Unaita StartFrameCapture mwanzo wa fremu, EndFrameCapture mwisho, na kuanzia toleo la 1.4 la API yake (seti ya amri ambazo programu nyingine inaweza kuiita) ipo DiscardFrameCapture, inatupa ulichonasa bila kuandika chochote kwenye diski. Nikaandika vimistari vichache: kila fremu anza kunasa, soma pikseli (vinukta vya picha), hakuna doa tupa, lipo hifadhi na gemu isimame. Kama mvuvi anavyorudisha sangara wa chini ya sentimita 50, ila mimi namtaka yule mgonjwa. Gemu ikawa nzito inakokota kama lori la mchanga, sikujali, nikaenda zangu kula ugali kwa sato. Kurudi, nakuta faili moja tu linanisubiri.

Kosa lenyewe aibu tupu. Taa ikikaa pale pale ilipo pointi ya maji umbali unakuwa sifuri, sheda (kiprogramu cha kadi ya grafiki kinachopiga hesabu za rangi) inagawa sifuri kwa sifuri, inatoka NaN, yaani kitu ambacho si namba, halafu ile hatua ya kutawanya mng'ao inaiambukiza kwa pikseli za jirani mpaka unaona mraba. Nimeongeza kinamba kidogo kwenye kigawanyo, kwisha habari.

Sasa mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki ni simu mpya na megapikseli zake, hebu tupeni hata nusu safu ya kuandika amri. Na walimu wa kozi nao. Hata asiyegusa kodi za programu ipo renderdoccmd, unaandika renderdoccmd capture na jina la gemu kwenye tamino, lile dirisha la kuandikia amri, inaanza ikiwa tayari kunaswa. Juzi nilimweleza hivyo dogo mmoja mwenye cheti chake kabisa, akaniuliza, "Tamino ipi braza, ya mabasi ya Nyegezi?"

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza