Jamani tuwahi mahindi ya Kahe kabla walanguzi hawajayamaliza

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu wa Kahe, mlioko nyumbani, mlioko Moshi mjini na nyie wa Dar mnaokuja Desemba tu, wakubwa shikamooni. Mi ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa usharikani na leo naomba hela ya mifuko ya kuhifadhia mahindi na turubai za kuanikia, sizunguki.

Mahindi ya masika ndo yanavunwa saa hizi, na walanguzi washaanza kupita na mizani zao, wanajua kabisa mwezi huu mama ana deni la mbolea, mtoto anadaiwa michango shule, alafu ndani hana pa kuweka, kwaiyo anauza gunia kwa bei ya kutupa na ikifika mwezi wa pili anaenda soko la Himo kununua mahindi kwa debe, bei ishapaa, pengine ni yale yale aliyouza yeye. Na anayebaki nayo anaishia kulisha dumuzi, wale wadudu tunaowaita Scania, ukifungua gunia Krismasi unakuta vumbi tupu.

Sasa sisi tunakopesha ili mtu aweze kusubiri. Anachukua mifuko ya kinga njaa pamoja na kahela ka kupunguza hayo madeni, anarudisha mwezi wa pili akishauza, riba kidogo inabaki kisandukuni anakopa mwingine. Hela yenyewe inatoka kwenye hisa zetu, hiyo tuachieni. Tulichokwama ni mifuko. Mmoja unaingia kilo 100, una plastiki mbili ndani na kiroba nje, kila tabaka unalifunga peke yake, hewa haiingii, wadudu wanakufa wenyewe bila dawa yoyote, na usipotoboka unatumika tena msimu mwingine. Panya ndo wasumbufu, dawa yao ni kupanga mifuko juu ya chaga mbali na ukuta (na paka, ila watu hawataki kufuga paka sijui kwanini).

Turubai pia tunaomba, maana mfuko haukaushi mahindi, ukifungia mabichi umefungia ukungu, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, sio ya kuchezea, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Tunapima kwa chupa kavu na chumvi kavu, unatia mahindi unatikisa, chumvi ikinata kwenye chupa basi mama rudisha juani, mfuko hupewi hata kama ni mwenyekiti.

Mifuko 300 kwa elfu tano ni milioni moja na nusu, turubai 10 za elfu hamsini ni laki tano, jumla milioni mbili. Wanachama tushatoa laki nne, bado milioni moja na laki sita.

Harambee ni Jumapili hii baada ya ibada ya pili, kutakua na mnada wa kuku na mikungu ya ndizi. Wa mbali mtumieni mhazini, mnamjua, msitume kwangu tafadhali nisije nikaulizwa. Anayetaka kuleta mifuko badala ya hela karibu sana, ila iwe ile ya tabaka tatu, viroba vya kawaida tunavyo vimejaa.