Mtori upoe kwanza: barua kwa wanangu mnaouguza mtu wa kemo

Wanangu na wakwe zangu,

Nawasalimu nyote mnaopeleka wagonjwa wenu hospitali ya KCMC, mlioko Moshi mjini na mlioko migombani, Kibosho, Machame, Marangu hadi Rombo. Nilipigwa dripu 6 za kemo, yaani dawa kali za saratani, kwa ajili ya saratani ya titi, na leo ng'ombe wangu namkatia majani mwenyewe. Nataka tuongee habari za nyumbani, maana dripu huisha kwa saa chache, lakini zile wiki 3 kabla ya dripu nyingine ni zenu na mgonjwa wenu.

Nianze na mtori. Siku ya tatu baada ya dripu ya kwanza, mke wa mwanangu alinipikia mtori wa nyama, akauleta umefunikwa vizuri, akaufunua mbele yangu. Ule mvuke uliponifika puani nilimtapikia kanga. Alilia. Alidhani nimekataa mkono wake, nami sikuwa na nguvu za kumwambia kwamba ni dawa, si yeye. Baadaye tukajifunza: chakula kipikwe jiko la nje, kipoe, kiletwe kwenye kikombe cha chai badala ya bakuli. Mtori uleule, umepoa na hauna nyama, ulishuka. Na ile dawa ya kuzuia kutapika apewe kwa saa zilezile alizoandika daktari, hata kama bado hajisikii kichefuchefu. Mkingoja atapike, na kidonge atakitapika.

"Kula mama, upate nguvu." Najua neno hilo linatoka moyoni, ila likirudiwa mara kumi kwa siku linachosha. Muulizeni anatamani nini. Mimi kuna wiki nilitamani parachichi tu, na wakaniletea parachichi bila kuninung'unikia. Mdomo ukitoka vidonda, asukutue mara kadhaa kwa siku kwa lita 1 ya maji yenye kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda, ateme, na pilipili na ndimu zikae mbali naye.

Nywele mara nyingi huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu. Zangu alizinyoa mjukuu, tukaendelea na mengine. Zilirudi.

Ndugu watakuja na mizizi na majani ya kuchemsha. Wapokeeni kwa heshima, lakini mgonjwa asinywe kitu kabla daktari hajaambiwa, kwa sababu dawa nyingine za miti hugombana na kemo mwilini.

Sasa homa, na hapa naomba mnisikilize sana. Kwa kemo nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu chembe nyeupe za damu hushuka sana, mwili unabaki bila askari. Siku ya 10 baada ya dripu yangu ya tatu nilishikwa na baridi usiku. Tukasema ni malaria, kijana wangu akanipa panadoli, tukangoja kupambazuke. Asubuhi sikuweza kusimama. Nililazwa siku 9 nikichomwa antibayotiki. Hatukuwa tumejua.

Joto likifika nyuzi 38, msimpe kwanza panadoli ya kulificha. Mpelekeni saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku, na mwambieni muuguzi wa kwanza mtakayemkuta: "Huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa siku fulani." Mwenye gari kijijini aombwe mapema, hasa wakati wa masika, njia zetu zinapokuwa tope tupu. Mgeni mwenye mafua amsalimie mgonjwa kutoka uani, hata akiwa mjomba.

Kipima joto kipo maduka ya dawa. Kinunueni kabla ya dripu ya kwanza, mjifunze kukisoma, na kuanzia siku ya 7 mmoja wenu alale chumba kimoja naye.

Mama yenu,
Marangu