Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, akina mama, akina baba na vijana wetu, salaam.

Mambo ya kawaida mnayajua, sitawachosha. Shamba la vitalu Buhongwa hapa Mwanza lipo, miche ya migomba na mbegu za fiwi (yale maharage ya kutambaa) tuligawa, meza yetu ya kuuzia pale Igoma inaendelea, msiba wa mwenzetu tulishiriki. Basi.

Nije kwenye hili la unga, maana najua mnanisema huko mitaani kwamba mwenyekiti kaua biashara. Mwezi wa 6 nilisitisha ule unga wa fiwi na ndizi uliotaka kuuzwa kama dawa ya korona na nasema wazi ningerudia tena. Mliniletea habari kwamba wazungu wamethibitisha. Nikakaa usiku na simu yangu, bando langu mwenyewe, nikasoma. Ni kweli ndizi mbivu ina protini inaitwa lektini, inang'ang'ania zile sukari zilizofunika miiba ya kirusi kikashindwa kuingia kwenye seli. Ni kweli pia mwaka 2020 watafiti wa Taiwan walitumia lektini ya fiwi, hii hii fiwi yetu, wakaipitisha puani kwa panya wa maabara ikawakinga na kirusi cha mafua makali, na kirusi cha korona wakakizuia kwenye seli za maabara tu.

Sasa hapo ndo mlipoishia kusoma.

Lektini ya ndizi yenyewe ilivyo inachokoza seli za kinga zinaanza kuzaliana ovyo, ndo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walibadilisha kipande kimoja tu cha protini hiyo (asidi amino), namba 84, wakapunguza uchokozi huo na nguvu ya kuzuia kirusi ikabaki. Na hiyo iliyobadilishwa inazalishwa kwa bakteria jamani, haitoki kwenye mkungu wa Bukoba! Mpaka naandika hapa haijawa dawa ya kumpa binadamu. Halafu kuna waliosema tusipike unga ili protini isife, nikashtuka kweli kweli, maana fiwi kavu isiyopikwa ina sumu ya sayanidi, na maharage mekundu yasipoiva vizuri lektini yake inatapisha watu. Hata sumu ya mbarika ni ukoo huo huo. Mteja akidondoka pale Igoma ataulizwa nani, si mwenyekiti? Na Baraza la Tiba Asili tungewaambia nini, hatujasajili chochote.

Mnasema niliamua peke yangu. Si kweli, tulikuwa 14. Wanachama tuko 71, katiba inataka 36, nilipiga simu moja moja kwa vocha yangu na mkutano ukaahirishwa mara 2. Zamani wa Sengerema mlisingizia foleni ya kivuko Busisi, saivi daraja limefunguliwa bado hatuwaoni, sijui sasa mtasema upepo.

Ile 350,000 ya kuchapisha lebo za ule unga ni kweli imepotea, mchapaji kagoma kurudisha. Inauma. Ila mhazini na mimi tulimfuata mara 4 kwa nauli zetu.

Hesabu: tulianza na 1,180,000, ada zimeingia 612,000 wakati zilitakiwa 1,704,000, matumizi yote pamoja na hizo lebo 1,035,000, tumebaki na 757,000. Ada ni 2,000 kwa mwezi, hela ya soda 2 tu, na wanaodaiwa zaidi ndo wanaopiga kelele zaidi kwenye grupu, majina sitaji kwa heshima.

Mwakani Mungu akipenda tutaangalia kuuza fiwi kama chakula, fiwi ya kupika, na kama tutapata mtaalamu wa vyuo vya hapa Mwanza aje atuongelee haya mambo itakuwa vizuri, nimeshaanza kuulizia ulizia.

Wanaokuja kulipa madeni waje na risiti zao, daftari la kwanza lililowa mvua ya masika na kurasa za Januari hadi Machi hazisomeki.